MBAO ZA TELA ZISIONGEZWE



Mmekwisha kusikia kwamba katika Mkutano Mkuu wa Chama chetu cha Msingi, kabla ya kuanza kusafirisha mahindi, italetwa hoja ya kuongeza mbao za pembeni za tela, ili trekta libebe magunia 45 kwa safari moja badala ya 30. Walioleta hoja hii si watu wabaya. Ni wanachama wenzetu, na shabaha yao ni kupunguza gharama ya dizeli. Lakini sisi wa Kamati ya Gazeti la Ukutani tumeikalia hoja hiyo jioni tatu, tumekwenda hata kwenye mizani ya ghala, na tumeona yafaa tuseme wazi kuwa hatukubaliani nayo. Safari hii tumepewa karatasi kubwa, basi tutasema kwa urefu. Asiyeona vizuri asomewe na mwenzake. Jambo lenyewe linamhusu kila mwenye gunia, na hata asiye na gunia maadamu anapita barabara ile.

Kwanza tuitendee haki hesabu ya wenye hoja. Tuna magunia 900 ya kupeleka kituo cha ununuzi. Kwa magunia 30 ni safari 30. Kwa magunia 45 ni safari 20. Zimeokolewa safari 10. Trekta letu linakula lita 14 hivi kwenda na kurudi, kwa hiyo ni lita 140 za dizeli. Kila mtu azidishe mwenyewe kwa bei ya kituo cha mafuta aone. Si fedha kidogo hata kidogo.

Ila hesabu hiyo ina matundu. Trekta likivuta tani nne na nusu halinywi mafuta sawa na likivuta tani tatu. Pale kwenye mpando litashuka gia, litanguruma, litatoa moshi mweusi, na moshi mweusi ni dizeli yetu inayokwenda hewani. Kwa hiyo lita 140 hazitapatikana zote. Hili ni tundu dogo. Tundu kubwa ni kwamba wenzetu wamehesabu gunia la kilo 100, na gunia la kijiji chetu si la kilo 100.

Tusifichane jamani. Debe moja la mahindi makavu ni kilo 17 au 18, na gunia la haki ni debe sita. Magunia mengi yanayoletwa ghalani yana debe saba, na juu yameshonewa kilemba. Lumbesa! Tulipima magunia machache yaliyokuwa karibu na mlango, bila kuchagua. Mengi yalikaribia kilo 120, na moja lilipita. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao ya shamba kwa uzito unaozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hili miaka nenda rudi. Sisi huwa tunalifikiria kama jambo la mlanguzi kumpunja mkulima, na kweli ndilo. Lakini lumbesa hupanda tela pia. Magunia 30 ya debe saba si tani tatu tena, ni kilo 3,600. Hapo tumekwisha kuongeza zaidi ya nusu tani bila kuongeza hata ubao mmoja.

Mbele ya tela letu kuna kibao cha chuma kilichopigiliwa na kiwanda. Wengi wenu mmekikalia bila kukisoma. Kimeandikwa kwamba tela libebe tani 3. Hakikuandikwa 3 na ushei, wala 3 kwa siku za kawaida na 4 kwa msimu wa mavuno. Aliyetengeneza tela alipiga hesabu ya ekseli, springi, rimu na tairi, akaona kwamba zikipita hapo zinaanza kuchoka. Chuma hakilalamiki siku ya kwanza. Kinapinda kidogo, kinarudi, kinapata ufa mwembamba kama unywele, halafu siku moja, pengine hata mzigo wenyewe ni mwepesi, kinakatika. Ndipo watu husema ni mkono wa mtu.

Sasa tuje kwenye breki, maana hapa ndipo roho za watu zilipo. Trekta letu lina uzito wa tani mbili na kilo 700 hivi. Tela tupu ni kama kilo 900. Tela halina breki, mnajua wote. Linasimamishwa na trekta peke yake, tena kwa magurudumu ya nyuma tu, kwa sababu ya mbele hayana breki. Wataalamu wa zana za kilimo wana kipimo chao. Tela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi mara moja na nusu ya uzito wa trekta linalolivuta, na mwendo usizidi kilometa 32 kwa saa. Mara moja na nusu ya trekta letu ni kilo 4,050. Tela tupu na magunia 30 ya haki ni kilo 3,900. Tunapita, lakini kwa kuinamisha kichwa mlangoni.

Tuweke magunia 30 ya lumbesa. Kilo 4,500. Tumekwisha kuvuka. Tuweke na watu 12 juu yake, kama ilivyo desturi yetu siku za gulio, kila mmoja kilo 60. Inakuwa kilo 5,220, ambazo ni karibu mara mbili ya trekta. Hapo hatujaongeza mbao! Tukiongeza mbao na kupakia magunia 45 ya lumbesa, tela na mzigo ni kilo 6,300, bila mtu hata mmoja. Sasa nani anamvuta mwenzake? Kwenye tambarare trekta litavuta tela. Kwenye mteremko wa mtoni tela ndilo litakalosukuma trekta, na dereva atakuwa ameshika usukani kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe.

Wengine husema dereva wetu ni hodari. Ni hodari kweli, hatuna ugomvi naye. Lakini uhodari haubadili uzito. Mwendo nao una hesabu yake: ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya kusimamisha inayohitajika haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Trekta likienda kilometa 20 kwa saa linapita mita tano na nusu kila sekunde. Mtoto akitokea kwenye mahindi, kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki trekta limekwisha kusogea hizo mita tano na nusu. Kusimama bado.

Basi mteremko una masharti yake, na madereva wetu wawili wanayajua, ila tunayaandika ili na abiria na wenye mizigo wayajue na waache kumharakisha mtu. Gia ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka. Iwe gia ndogo, ile ile ambayo ungepandia mlima huo na mzigo huo. Ukianza kushuka na gia kubwa halafu utake kubadilisha katikati, unakanyaga klachi, na kwa nukta hiyo injini haikushikilii tena. Tela linachukua usukani. Kuweka nyutro ili kuokoa dizeli ni jambo ambalo hatutaki hata kulijadili. Dizeli inayookolewa kwa mtindo huo haitoshi kununua sanda.

Kadhalika trekta lina pedeli mbili za breki, ya kushoto na ya kulia. Shambani zinaachanishwa ili trekta ligeuke upesi mwisho wa tuta. Barabarani lazima zifungwe pamoja na lile komeo lake dogo. Mkisahau komeo, dereva akikanyaga moja tu, gurudumu moja linashika na jingine linaendelea. Trekta linakwenda ubavu, na tela kwa nyuma linalijia kwa mbavu. Komeo lenyewe ni kijichuma kisichozidi kidole, na kulifunga hakuchukui muda hata wa kupiga chafya. Tungeomba karani wa ghala, kabla hajatoa hati ya kutoka, achungulie pedeli. Si kazi yake, lakini yuko pale pale.

Msimu uliopita mliona yaliyotokea kwenye mteremko huo. Pini ya kuunganisha tela na trekta ilikuwa imepotea, na mahali pake kikawekwa kipande cha nondo kilichokunjwa kichwa. Nondo ilipinda kidogo kidogo safari kadhaa, halafu ikatoka. Tela liliachana na trekta, likashuka peke yake, likapindukia kwenye mfereji juu ya daraja. Magunia mengine yalipasuka, mengine yalilowa, na kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mzigo alivunjika mguu. Hadi leo anachechemea. Hatusemi haya ili kumtafuta mwenye kosa, kikao kilikwisha kukaa. Tunasema kwa sababu hoja ya mbao inataka kuweka tani moja na nusu zaidi kwenye pini hiyo hiyo na mteremko huo huo.

Nondo ni chuma laini cha kufungia zege. Pini ya tela ni chuma kigumu, nene kujaza tundu lake, na chini yake ina kitundu cha kupitisha pini ndogo ya usalama ili isirukeruke ikatoka. Pini ndogo ikipotea, waya wa kufungia matofali si badala yake. Juu ya hayo yote uwepo mnyororo unaopita kutoka trekta hadi mkono wa tela, uliolegea kiasi cha kuruhusu kukata kona na si zaidi. Pini ikichomoka, mnyororo unalishika tela. Mnyororo tulionao ghalani umefungia mbwa wa mlinzi. Tunapendekeza mbwa atafutiwe kamba.

Na tela livutwe kwa ule upau wa chini wa kuvutia uliowekwa kwa kazi hiyo. Tumeona mahali pengine watu wanafunga tela kwenye mikono ya kunyanyulia jembe, juu, eti ili tela likae sawa. Ukivuta kwa juu namna hiyo, na mzigo ukagoma kwenye mpando, trekta linainua uso. Magurudumu ya mbele yanaondoka ardhini. Likiamua kulala chali ni sekunde moja na nusu tu, na dereva yuko katikati.

Sasa upakiaji. Hapa vijana wetu wa kupakia wanastahili sifa kwa nguvu, lakini mpango haupo. Anayewahi kufika na gunia ndiye analiweka popote. Tela letu ni la tairi mbili, na tela la tairi mbili ni kama mizani. Mzigo ukilalia nyuma ya ekseli, mkono wa mbele unataka kuinuka, unanyanyua nyuma ya trekta. Magurudumu ya nyuma ya trekta, ambayo ndiyo yanayovuta na ndiyo yenye breki, yanakuwa mepesi. Ndiyo maana mnaona trekta linaserereka kwenye tope hali tairi zake ni mpya. Mzigo ukilalia mbele mno, mkono unaelemewa, uso wa trekta unakuwa mwepesi na usukani hausikii. Kinachotakiwa ni mzigo usambae, na uzito uzidi kidogo tu mbele ya ekseli. Kipimo cha kijijini ni rahisi. Tela likiwa limepakiwa lakini halijafungwa, likisimama kwenye jeki yake, mkono usiwe unajinyanyua wenyewe, ukae umebonyea chini kwa uzito. Mkono ukipanda, magunia yahamishwe, hata kama mwenye gunia anakunja uso.

Magunia yalazwe kwa kupandana, kama fundi anavyojenga tofali, kila gunia likalie mapengo ya mawili ya chini. Safu za juu ziingie ndani kidogo. Mkipanga moja juu ya jingine wima mnajenga minara, na minara inaanguka. Mizigo mizito chini, myepesi juu: mahindi na mbolea chini, alizeti na matenga ya kuku juu. Watu huona jambo hili dogo, lakini ndilo linaloamua kama tela litapinduka au halitapinduka. Uzito ukipanda juu, tela linahitaji kuinama kidogo tu ili uvuke nje ya tairi. Mbao za nyongeza maana yake ni hiyo hasa, kwamba magunia 15 yote ya ziada yatakaa juu. Hayana mahali pengine. Na barabara yetu upande wa mtoni imeinama, tairi la kushoto liko chini ya la kulia karibu shibiri nzima. Tela la magunia 30 limepita hapo miaka yote. La magunia 45 yenye kimo cha mtu hatujui litafanya nini, na hatupendi liwe jaribio.

Kamba nazo. Kamba ya katani iliyolala nje masika nzima ni kama uzi wa buibui. Ivutwe mkononi, ikitoa vumbi na nyuzi, ikafungie mbuzi. Kamba zipite juu ya mzigo kwa kukatana, zifungwe kwenye kulabu za chesisi, zisifungwe kwenye mbao za pembeni. Mbao hazikuwekwa hapo kushikilia mzigo unaosukuma kwenda nje. Na baada ya kilometa moja au mbili za mwanzo dereva asimame, azunguke tela, akaze upya. Magunia yakitikisika yanakaa, na kamba iliyokuwa kama waya wa gitaa inakuwa kama bembea. Akisimama hapo hapo aguse na kikombe cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kikiwa cha moto kiasi cha kutogusika, bearingi imekufa au inakaribia. Heri kulala njiani na gurudumu lililogoma kuliko na lililotoka.

Kuna mizigo inayodanganya macho. Mchanga ni mmojawapo. Watu wanaona tela limejaa nusu tu, wanasema bado. Debe moja la lita 20 la mchanga mkavu ni kilo 30 na zaidi, uliolowa unazidi hapo, karibu mara mbili ya debe la mahindi. Tela likijaa mchanga hadi mdomoni limekwisha kuua ekseli. Tofali za kuchoma za kwetu tulizipima, ni kilo tatu kasoro kidogo kila moja, kwa hiyo tofali 1,000 ni tani tatu kasoro. Hapo basi, asiongeze mtu hata moja eti ya kufunika. Maji nayo lita moja ni kilo moja, pipa ni kilo 200. Lakini maji yana hila ya pili. Pipa au tenki lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa lote, kwa sababu maji yanakimbia. Ukipiga breki yanakuja mbele, ukikata kona yanakwenda nje, na yanakuja yote kwa pamoja. Wakati ule tunapelekea maji wajenzi wa zahanati tulikuwa tukiyaona tela linatikisika lenyewe hali trekta limesimama. Tenki lijazwe lote, kama uzito unaruhusu, ama lisibebwe.

Nguzo na miti mirefu: mwisho unaotokeza nyuma ufungwe kitambaa chekundu, na kama usiku umeingia, tela lisitoke. Trekta letu lina taa za mbele, tela halina taa yoyote, na vile vibandiko vya kuakisi mwanga vimekwisha kubanduka. Mwenye pikipiki anayetoka mnadani saa mbili usiku hataona tela mpaka limo usoni mwake. Tumekwisha kuzika kwa ajali za pikipiki, hatuhitaji kuongeza.

Haya, tufike kwenye jambo gumu, la watu kupanda juu ya mzigo. Tunajua tutachukiwa. Kina mama wataona tunawatembeza kwa miguu kilometa 11 hadi guliani. Lakini tumeuliza, na majibu yametufundisha kitu ambacho hatukukitegemea. Mama mmoja baada ya mwingine ametueleza kwamba hapandi tela kwa kupenda. Anapanda kwa sababu maharage yake yako humo. Akiyaacha yaende peke yake, akifika atakuta debe limepungua, au gunia limebadilika, au limeshushwa kituo kisicho chake, na hana pa kushtaki. Anakalia mzigo wake ili aulinde. Sasa mkimpiga marufuku bila kumpa ulinzi mwingine, atapanda pale dereva asipoona, kwenye kona, tela likiwa linatembea, kwa kukanyaga mkono wa tela. Na kati ya trekta na tela ndipo mahali pabaya kuliko pote. Ukiteleza hapo unaangukia mbele ya gurudumu.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kila mzigo unaopanda tela upimwe, ufungwe kikaratasi cha namba, na mwenyewe apewe stakabadhi yenye namba hiyo, uzito, na saini ya karani. Chama kiwe na dhamana. Kikipungua kilo, Chama kilipe. Daftari la stakabadhi na kalamu haligharimu lita mbili za dizeli. Mwenye mzigo ataondoka asubuhi kwa miguu au kwa bodaboda, akifika ataukuta. Wale vijana wanne wa kupakia wasipande vile vile. Kule kituoni wapo vijana wa kushusha, tuwalipe wa kule, au wetu wapewe nauli ya bodaboda. Ndiyo, ni gharama. Tumeihesabu na tunaikubali.

Juu ya madigadi ya trekta asikae mtu. Trekta lina kiti kimoja kwa sababu ni cha mtu mmoja. Watoto wanaodandia nyuma wakitoka shule, hili ni letu sote wazazi, dereva hana macho kisogoni.

Na mgonjwa? Tumeulizwa hili mara nyingi kuliko yote. Mama mjamzito aliyezidiwa asipandishwe juu ya magunia hata siku moja. Piga 115, ndiyo namba ya mpango wa m-mama, ni bure, wanatafuta gari. Na kama hakuna mtandao, au gari halipatikani na hali ni mbaya, basi mzigo wote ushushwe, litandikwe godoro kwenye sakafu ya tela, mtu mmoja akae chini ashikane naye, na trekta liende kwa gia ndogo. Ni shida juu ya shida, lakini hatutamwacha mtu afe nyumbani kwa sababu ya gazeti.

Wenye pawatila na mikokoteni ya ng'ombe nao wasidhani hawamo. Pawatila zililetwa kwa wingi wilayani wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia mwaka 2009, kwa ajili ya kulima. Nyingi leo zinafanya kazi ya kubeba mizigo kuliko kulima. Pawatila ni nyepesi mno, na ile klachi ya usukani kwenye mteremko inafanya kinyume. Ukibana ya kushoto inakwenda kulia, kwa sababu upande ulioachiwa unakimbia. Aliyezoea tambarare atajikuta mtoni. Mwenye ng'ombe, yeye mzigo ukilalia mbele unawaponda shingo, ukilalia nyuma unawakaba koo kwa kamba. Kwa kuwa ng'ombe hawezi kusema, hutazamwi na mtu. Sisi tunakutazama.

Turudi kwenye mbao. Badala yake tunapendekeza safari zibaki 30, magunia yawe ya debe sita kwa mizani mlangoni, na gunia la lumbesa lifunguliwe hapo hapo mbele ya mwenyewe. Fedha ambazo zingenunua mbao na misumari zinunue pini halisi, mnyororo, kamba mpya tatu na vibandiko vya kuakisi mwanga. Fundi alituambia vyote hivyo havifiki bei ya tairi moja la tela. Na kama Chama kitapata fedha ya kutosha siku zijazo, inunue tela lenye breki. Hapo tutazungumza upya kuhusu tani, kwa karatasi ya kiwanda mkononi.

Wenye hoja ya mbao tunawakaribisha waandike majibu yao. Tutawapa karatasi kubwa sawa na hii, pembeni yake, kwa siku zile zile. Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi chini ya mwembe wa ghala, na hoja ya tela ni ya tatu, baada ya taarifa ya mapato na matumizi. Mizani itakuwa nje tangu saa mbili. Anayebisha uzito wa gunia lake aje nalo.

Kamati ya Gazeti la Ukutani